Msalaba wa Mama Mjerumani

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nilikuwa karani katika ofisi za wilaya pale Lushoto mpaka nikastaafu, na ukishakaa kwenye meza ile ukasikiliza kesi za mipaka ya mashamba, ndugu wa tumbo moja wakitoleana mapanga kwa ajili ya tuta la kabichi, unaona hakuna binadamu wa kukushtua tena. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe mshtuko wangu ulikuwa unanisubiri nyumbani kwa mama yangu mzazi, Irente, mahali ambapo najua kila kisiki.

Yalianza na ujumbe kwenye simu. Tangu nistaafu naishi na mama, na tuna vyumba vichache tunavyopangisha wageni wanaokuja kutembea milimani. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Uingereza aliniandikia kwamba anawaleta vijana wa Kiyahudi, umri wa kidato cha nne kwa hesabu za kwetu, katika safari ya kutafuta nyayo za wazee wao. Wazee hao walikimbia Ulaya kabla ya vita kuu ya pili wakajihifadhi huku Afrika Mashariki. Kundi lingeanzia Nairobi, lipitie Moshi, lipande kwetu. Binti mmoja katika kundi hilo alikuwa na mtu wake aliyezikwa Usambara, mama wa bibi yake. Je, nilikuwa nalijua kaburi la mwanamke aliyetoka Ujerumani, ambaye mume wake alikuwa daktari kwao lakini huku akalima kabichi?

Nilijibu kabla chai yangu haijapoa. Kulijua? Liko mwisho wa shamba la mama, chini ya mti wa mpea uliozeeka.

Watu wa kwetu walimwita Mama Mjerumani, kwa sababu alizungumza Kijerumani na mume wake. Bibi yangu, mama wa mama yangu, alikuwa yaya nyumbani kwao. Mama Mjerumani alipata mtoto mmoja wa kike, na mtoto akiwa bado ananyonya, yeye akafa kwa homa. Mama yangu wakati huo alikuwa msichana mdogo tu, na ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni siku watu walipokuwa wanachimba kaburi. Baadaye mume alimchukua mwanawe wakaenda Uingereza, wasirudi. Nyumba ikaanguka, watu wakabeba mabati, shamba likagawanywa. Likabaki kaburi.

Bibi yangu alipoanza kushindwa na miguu alimwachia mama neno moja: lile kaburi lisimezwe na majani. Mama hakuwahi kulisahau neno lile. Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, alikuwa akimaliza kufagia makaburi ya kwetu anachukua jembe anakwenda kupalilia na kwa Mama Mjerumani. Kaburi lenyewe halikuwa na jina wala alama. Kichwani palikuwa na rundo la vijiwe vya mtoni, na sisi watoto tulikatazwa kuvichezea. Hatukuambiwa kwa nini, na sisi hatukuuliza, maana kwa mama yangu ukiuliza sana unapewa kazi.

Basi nikamsomea mama ule ujumbe. Aliweka kikombe chini.

“Wayahudi wenyewe? Wa kina Ibrahimu?”

“Ndiyo, mama.”

“Wanakuja hapa Irente?”

“Wanakuja hapa hapa.”

Mama yangu ni Mlutheri wa kubatizwa utotoni, mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na Biblia anaijua kuliko baadhi ya wanaolipwa kuihubiri. Alisimama akaanza kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Akanipa amri za jikoni: nguruwe marufuku, nyama na maziwa visikutane chunguni, mambo hayo yameandikwa. Nikamwambia mwalimu wao ameshanieleza. Akanitazama kama mtu aliyechelewa. Yeye alikuwa ameelezwa na Musa.

Kisha likaja lile jambo lingine. “Wageni hawawezi kusafiri kote huko,” alisema, “wakute mzazi wao amelala kama aliyeokotwa. Hana hata msalaba.”

Nilisita kidogo, lazima niseme. Nikamwuliza kama Wayahudi wanaweka misalaba. Mama akacheka.

“Yesu alikuwa nani? Msambaa? Si Myahudi yule? Tena huyu alikuwa Mjerumani, na Injili hapa ililetwa na nani kama si Wajerumani? Myahudi na Mjerumani kwa pamoja, halafu umnyime msalaba!”

Niambie wewe ungejibu nini. Mama akamwita fundi wa usharika, na mimi nikaenda zangu sokoni Lushoto kununua viazi na maharage. Niliporudi jioni msalaba ulikuwa umesimama, wa zege, unanifika kifuani, umepakwa chokaa mpaka unaumiza macho. Fundi alikuwa ameuchorea PUMZIKA KWA AMANI wakati zege bado bichi. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi anautazama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nami nilijivuna. Nilisema moyoni, bibi yangu angeona hivi angetubariki.

Wageni walifika siku iliyofuata mchana kwa basi dogo la Kosta, dereva wao akilalamika juu ya kona za kutoka Mombo. Wakashuka vijana warefu wenye suruali zilizochanika magotini. Mama alininong'oneza kwa Kishambaa, “Maskini, safari imewararulia nguo.” Sikumwambia kwamba zinauzwa hivyo hivyo. Mmoja wa wavulana alikuwa na kofia ndogo ya duara kisogoni. Huyo alimwendea mama yangu, bibi wa zaidi ya miaka themanini, mkono mbele, akasema kwa sauti ya furaha, “Mambo, bibi!”

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mtoto akimwambia mzee “mambo” anatafutiwa fimbo. Lakini mama alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamfundisha pale pale, na wote wakapanga mstari, mmoja mmoja, “Shikamoo, bibi,” naye “Marahaba, mwanangu,” mpaka wa mwisho. Nadhani hiyo ndiyo saa aliyowapenda.

Walikula kama watu waliotoka kuchimba mtaro: viazi, maharage, kabichi, mkate na jamu ya plamu. Baada ya kula, yule binti mwenye kaburi lake akaja kukaa karibu na mama. Alikuwa mkimya, mwenye nywele nyeusi za kujisokota, na mkono wake mmoja haukutoka mfukoni mwa koti. Mama alimtazama muda mrefu.

“Mwambie,” mama akaniagiza, “bibi yake nilimbeba mimi. Mgongoni hapa.”

Nikatafsiri. Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha maneno yakaanza kumtoka mbiombio hata nikamwomba apunguze. Bibi yake yuko hai. Ni mgonjwa, hawezi kusafiri, na madaktari hawajampa matumaini marefu. Ana jambo moja tu linalomkosesha usingizi. Mama yake alipozikwa, ile sala ya Kiyahudi ya kuwaombea wafu haikusomwa, kwa sababu hairuhusiwi kusomwa na watu pungufu ya kumi, na katika milima hii yote Wayahudi kumi hawakupatikana. Mume wa marehemu alisimama kaburini peke yake, akaenda Uingereza na huzuni hiyo, akafa nayo, akamrithisha binti yake.

“Ndiyo maana tumekuja wengi hivi,” mwalimu akaongeza. Katika jumuiya yao wasichana nao wanahesabiwa. Kijana mmoja alikuwa ameugua akabaki Nairobi, kwa hiyo waliokuwa wamefika kwetu, mwalimu akiwemo, walikuwa kumi kamili. Asubuhi sala ingesomwa, binti angeirekodi kwa simu, na bibi yake angeisikia kabla hajafumba macho.

Mama aliposikia hayo alifuta machozi kwa ncha ya kanga. “Na akiona picha,” alisema, “aone mama yake tumemtunza.”

Asubuhi alivaa sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, akatutangulia shambani kwa mkongojo. Umande ulikuwa mwingi. Vijana walikuja nyuma wakizungumza na kucheka, na binti akatembea pembeni ya mama. Tulipopita migomba ya mwisho, msalaba ukatokea, mweupe, jua limeupiga usoni. Mama akageuka awaangalie wanavyofurahi.

Hakuna aliyefurahi. Kelele zilikatika ghafla. Msichana mmoja alisema neno fupi kwa lugha yao akashika kichwa. Binti mwenye kaburi alisimama kama aliyepigwa kofi na mtu anayemwamini, na simu aliyokuwa ameshaiinua kurekodi ikashuka taratibu mpaka ikafika pajani. Mwalimu alifumba macho. Yule kijana mwenye kofia aligeuka akatupa mgongo, akatembea hatua kadhaa, akasimama akitazama bondeni.

Sikuwa nimeelewa bado, lakini nilijua tumefanya kitu kibaya sana, kama unavyojua umekanyaga kitu chenye uhai kabla hujatazama chini.

“Kuna nini?” mama aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka, lilikuwa limekwama tu. “Maneno yamekosewa?”

Mwalimu alinivuta pembeni akanieleza kwa sauti ya chini. Huyu mama hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi mpaka kufa. Ujerumani aliikimbia kwa sababu ya kuwa Myahudi, na wazazi wake, kaka zake na mdogo wake waliobaki nyuma wote waliuawa. Wayahudi hawaweki msalaba juu ya kaburi. Kwa wengi wao msalaba ni alama waliyokuwa wakiiona mikononi mwa waliowafukuza.

Nilikuwa nimesoma habari za vita vile shuleni, tukaandika mtihani, nikafaulu. Haikunijia hata mara moja kwamba habari zile zilikuwa zimelala mwisho wa shamba letu, chini ya mpea, na mimi nimepita hapo na kuni kichwani utoto wangu wote. Nilijisikia mjinga, mjinga kabisa, na mstaafu mzima mimi.

“Anasemaje?” mama akauliza.

“Anasema asante kwa kutunza kaburi.”

“Usinichujie,” mama alisema. “Mimi si uji. Anasemaje?”

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote kwa Kishambaa, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kinanikimbia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kumimina maneno yale katika sikio la mama yangu, naye ameshika mkongojo kwa mikono miwili.

“Nani aliwaua ndugu zake?”

“Wajerumani, mama.”

“Wajerumani.” Alirudia kama anayejaribu kiatu kisichomtosha. “Na sisi tukamwita Mama Mjerumani. Mama yangu alimwita hivyo, nami nikamwita hivyo. Alikuwa anaitika.”

Hapo ndipo mwalimu alipomwendea yule kijana, wakabishana kwa muda. Kijana alikuwa analia bila kujificha. Akaja mbele yangu, akasema kwa adabu kabisa kwamba anaomba radhi lakini hawezi kusoma sala ya wafu mbele ya msalaba. Babu yake alipokuwa mtoto alifichwa katika nyumba ya watawa huko Ulaya, na ili asigundulike alifunzwa kuupigia msalaba magoti kila siku na kulikana jina lake. Mjukuu huyu alikuwa amemwahidi babu kwamba yeye hatafanya hivyo kamwe. Bila yeye walikuwa tisa. Na wakiwa tisa, sala hakuna.

Nikapandwa na hasira. Nilimgeukia nikamwambia maneno, kwa Kiswahili makusudi, nisije nikamtukana kwa lugha anayoielewa. Nilimwambia kwamba huyu bibi unayemwona amepinda mgongo kwa kupalilia mtu asiye ndugu yake, kwamba wewe mtoto wa juzi umelala kwetu, umekula viazi vyetu, na leo unampa mzee wangu mgongo. Kijana alinisikiliza bila kuelewa hata neno, machozi yakimshuka, akatikisa kichwa tu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Hawasemi uende wapi kama wema wenyewe umeusimamisha kwa zege.

“Nyamaza,” mama alinambia. “Wanataka tuufanyeje?”

Hakuna aliyekuwa amethubutu kuomba. Lakini jibu lilikuwa wazi, na mama aliliona. Aliketi kwenye nyasi, na sare yake nyeupe. Wasambaa wa rika lake kaburi hawaligusi kwa chuma baada ya kuzikwa mtu, isipokuwa jembe la kupalilia au la kusimika alama. Kuvunja cha kaburini ni kujitafutia laana, tena ya kupita kwa watoto. Na juu ya hilo, mzee wa kanisa kung'oa msalaba! Niliona midomo yake inacheza. Niliogopa kwamba angekataa, na binti yule angerudi kwa bibi yake mikono mitupu. Niliogopa vilevile kwamba angekubali, halafu angeumwa na kitendo hicho mpaka siku yake ya mwisho. Sikujua niombe lipi.

Mwishowe aliuliza swali moja, akataka liende kwa mwalimu kama lilivyo.

“Hao waliowaua. Walikuwa wamebatizwa?”

Nikauliza. Mwalimu aliangalia chini. “Wengi wao, ndiyo,” alisema. Kisha akaongeza, “Na wapo waliobatizwa waliowaficha watu wetu, kama waliomficha babu wa kijana huyu.”

Mama aliyapokea yote mawili, akauangalia msalaba. Katika maisha yangu nimemwona mama akizika mume na watoto wawili, lakini sikuwa nimemwona ameshtuka namna ile. Wale waliotuletea Injili, ambao shule yao ilimfundisha kusoma, ambao nyimbo zao anaziimba akichambua maharage. Alinyoosha mkono nimwinue.

“Kalete sururu,” alisema. “Hauvunjwi. Unang'olewa mzima.”

Nilipelekwa na miguu yangu tu, akili haikuwepo, nikarudi nayo. Dereva wa Kosta alisaidia kuchimba, na baada ya muda kidogo yule kijana mwenye kofia akavua koti akapokea sururu. Mama alisimama kando akiwaelekeza wasiguse chini zaidi ya kitako cha msalaba. Zege halikuwa limekomaa vizuri, likawa linamenyeka pembeni. Waliposukuma, msalaba ukalala polepole kwenye nyasi, na kitako chake kikatoka ardhini kikiwa na udongo.

Binti akapiga ukelele mdogo. Hatimaye alitoa mkono mfukoni. Ndani ya kiganja alikuwa na kijiwe cha mviringo, cha rangi ya majivu. Mwalimu akanifafanulia kwamba Wayahudi hawapeleki maua kaburini, hupeleka jiwe, kuonyesha kwamba mtu amefika na marehemu hajasahauliwa. Kijiwe hicho bibi yake alikuwa amekiokota bustanini mwake kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini binti hakuwa analia kwa ajili ya kijiwe chake. Alikuwa anaonyesha kitako cha msalaba. Nikainama nikatazama. Katika zege mlikuwa mmejaa vijiwe vya mtoni, laini, vya mviringo, vimeshikana kama njugu ndani ya kashata.

Nikatazama kichwani pa kaburi. Lile rundo halikuwepo.

“Mama,” nilisema, “fundi kokoto alizitoa wapi?”

Mama alikuwa ameshaelewa. Alishika mdomo. Fundi alikuwa na mifuko ya saruji na mchanga, kokoto hakuwa nazo, na pale pale mbele yake palikuwa na rundo la vijiwe visivyo na mwenyewe. Mama ndiye aliyemwambia avitumie.

“Mama yangu,” alisema, sasa kwa Kiswahili, kama kwamba alitaka dereva naye asikie, “kila akija hapa alikuwa anapita mtoni. Anaokota kimoja. Anakuja nacho kwenye kanga, anakiweka. Nilidhani anazuia nguruwe pori wasifukue. Kila mara, kimoja. Mpaka amezeeka. Nami sikumwuliza!”

Sijui kama Mama Mjerumani alimwagiza bibi yangu kabla ya kufa, au bibi alimwona siku moja akimwekea jiwe mtu mwingine. Hakuna aliyebaki wa kutuambia. Ninachojua ni kwamba yaya asiyejua kusoma aliishika desturi ile peke yake maisha yake yote, na sisi wenye Biblia na vyeti tukaikoroga na saruji kwa siku moja. Nilipomtafsiria mwalimu, alikaa chini pale pale kwenye umande.

Sala ikasomwa. Walisimama kumi, yule kijana katikati, mikono ina malengelenge. Haikuwa ndefu. Sikuelewa kitu, isipokuwa kila baada ya maneno machache wote walijibu kwa pamoja neno ambalo hata mtoto wa shule ya Jumapili wa kwetu analijua. Mara ya kwanza mama alishtuka akanitazama. Mara ya pili akawasubiri wamalize, akajibu naye, kwa kuchelewa kidogo, kwa sauti yake ya kanisani: “Amina.”

Binti akaweka kijiwe chake mahali palipokuwa na rundo. Kilionekana kidogo sana, kimoja peke yake kwenye udongo uliochimbwa.

Yule kijana aliufunga msalaba kwa kamba, yeye na dereva wakaubeba mpaka nyumbani bila kuombwa. Mama aliwaambia wauegemeze ukuta wa jikoni. “Ni wangu huo,” alisema. “Nimeuandaa mapema, niwapunguzie kazi siku yangu ikifika.” Nilikataa kuitafsiri sentensi hiyo.

Wiki chache baadaye binti aliniandikia. Bibi yake aliisikiliza ile video, akaomba irudiwe, kisha akauliza ni nani yule anayesema Amina nyuma ya wenzake. Nikamsomea mama.

“Mwambie ni yule aliyembeba,” mama alijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Siku hizi msalaba bado uko pale ukutani, na kuku wanalala juu ya mikono yake. Asubuhi, jua likishapasha ua, mama anaketi kwenye kigoda na nyundo na tindo aliyoazima kwa fundi, anagonga kitako. Jiwe moja likikubali kutoka analiosha, analifunga kwenye kanga, analipeleka chini ya mpea. Haniruhusu nimsaidie. Nilimwuliza atafanyaje yaliyo katikati kabisa, ambayo hata tindo haiyafikii. Alisema hayo yabaki. Ni mkono wa mama yake ulioyaokota, yatakwenda na yeye.

Juzi nilikuwa narudi kutoka ng'ambo ya mto. Niliona kijiwe kizuri majini, cheusi chenye mstari mweupe, nikakiokota bila kufikiri sana. Nilidhani nitakipeleka kwa yule ambaye sasa hatumwiti tena Mjerumani. Nikampitishia mama akione kwanza. Alikigeuzageuza kiganjani, akakipima uzito, akanirudishia.

“Hiki usipeleke kule,” alisema. “Kiweke. Utaniletea.”

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nilibaki nimesimama uani na kile kijiwe mkononi, bado kinadondosha maji, naye ameshainamia kitako cha msalaba, anagonga.